Zamu ya Maji ya Bi Rahila

Saa nne asubuhi, katika chumba cha walimu cha chuo cha Ibra, Dokta Nadhir alikuwa amekwisha kuandika "Katika utafiti huu" na anatafuta neno la nne, kahawa ikaingia. Kahawa ikiingia, karatasi hutoka. Akakusanya makaratasi yake, akasogea mkekani, akala tende, akanywa, akatikisa kikombe kuonesha kwamba ametosheka, na alipoinuka palikuwa na mtu mlangoni amekuja kumwambia kuwa ami yake kafiwa na mkewe. Akaenda zake msibani. Sentensi ile ilikuwa na umri wa mtoto aliyekwisha kuanza shule.

Asidhani mtu kwamba Nadhir alikuwa mvivu. Wote pale walikuwa hivyo hivyo. Walisoma Kairo, walisoma Dar es Salaam, wengine walifika mpaka Ujerumani, na vichwa vyao vilijaa. Lakini Ibra ni mji wa watu, na watu hutembeleana. Ukijifungia ndani uandike, jirani atakuja kuuliza kama unaumwa. Ukimwambia huumwi, unaandika tu, atakaa akungoje umalize.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya themanini, ikaja amri kutoka Maskati. Kila mhadhiri atoe makala, ichapwe katika jarida linaloeleweka, kwa jina lake mwenyewe. Atakayefika Idi Kubwa hana makala atahamishiwa shule ya msingi. Mudiri, mkuu wa chuo, Dokta Azzan, aliisoma amri kwa sauti, akasema "Inshallah," akaagiza kahawa.

Aliyekosa usingizi ni Bi Rahila binti Hamed, mwalimu wa jiografia. Alizaliwa Wete, akasoma Kairo, akaja Oman na mdogo wake Thuwaini baada ya mambo ya Unguja kuharibika. Hakuolewa, wala hakuona kwamba amekosa kitu. Kwa miaka alikuwa akienda Sinaw siku za soko, akikaa nyuma ya uwanja wa mbuzi na wanawake wa Kibedui, akiwauliza walikuwa wakihama vipi kabla ya magari ya pikapu na wanahama vipi sasa. Visima vya jangwani alivijua kwa majina, kimoja kimoja, na vilivyoachwa alijua viliachwa kwa nini. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na habari hizo, na hakuwa ameandika hata ukurasa. Kupelekwa kufundisha alifu na bee hakukuona kuwa ni aibu. Alikuona kuwa ni kuzikwa yu hai.

Akafikiri. Katika mji ule palikuwa na kazi moja tu ambayo mtu haachishwi, nayo ni maji. Ibra inakunywa falaji, mfereji wa watu wa kale unaoleta maji kutoka milimani, na kila shamba lina zamu yake. Zamu yako ikifika, hakuna anayekuita. Harusi itangoja, mgeni atajimiminia mwenyewe kahawa, na hata maiti atazikwa na wengine.

"Tupangiwe zamu za kuandika," aliwaambia wenzake, "kama za falaji."

"Unataka kutumwagilia sisi, Bi Rahila?" Nadhir aliuliza.

"Nataka muachwe na watu."

Akenda kwa Sheikh Mahrous, arifu wa falaji, mzee anayepanga zamu. Alimkuta amekaa kando ya mfereji na kijiti chake cha kupimia saa kwa kivuli. Mahrous aliwahi kuwa na duka Bububu, na Kiswahili chake, ingawa kilianza kuota kutu, alikitunza kwa fahari.

"Shikamoo, Sheikh Mahrous."

"Marahaba, binti Hamed. Babako, kabla hajavuka kwenda Pemba, alikuwa na maji ya Jumanne hapa, Allah yarhamuh. Alikuwa hagombani na mtu."

Bi Rahila akamweleza. Wahadhiri wawekewe zamu, itangazwe msikitini, ili mji ujue.

"Wataandika kwa maji?"

"Kwa zamu tu, sheikh. Maji yabaki kwenye mitende."

"Mimi sina zamu isiyo na maji," Mahrous alisema. "Zamu ni zamu. Ukitaka, nawapangia kama watu wote. Hutaki, khalas."

"Nataka."

Akawapanga, mmoja baada ya mmoja, asubuhi na alasiri. Alipofika kwake akasema, "Na wewe? Maji ya mwanamke huchukuliwa na wakili wake. Nani wakili wako?"

"Thuwaini," alisema Bi Rahila, maana Thuwaini ndiye aliyekuwa akimfungulia maji ya mitende aliyomwachia mama yao. Alijibu kama mtu anavyojibu salamu, akarudi nyumbani anaona kazi imekwisha.

Wa kwanza alikuwa Nadhir. Kivuli kilipofika kwenye alama, maji yaliiacha njia ya mitende, yakapanda ngazi za nyumba yake, yakaingia chumbani na kupanda mguu wa meza. Karatasi zikalowa. Zilipokauka zilikuwa na maandishi, kwa mkono wa Nadhir, na maneno yalikuwa yake, yale aliyokuwa akizunguka nayo msibani na harusini miaka yote. Mkewe alikunja zulia akaweka ndoo. Jirani alikuja na habari za mtoto wake anayetaka kuoa, akayaona maji yanaingia mlangoni, akasema, "Kumbe zamu yake," akarudi kwao.

Basi mambo yakenda. Waliokuwa na kitu kichwani kilitoka. Dokta Azzan zilimlowa karatasi, zikakauka, zikabaki nyeupe. Akazianika tena juani, na tena. Akasema maji ya upande wake yana chumvi.

Bi Ghaniya, mwalimu wa kemia, wakili wake alikuwa mumewe, na mumewe alifanya kazi Sur, ofisi ya umeme. Maji ya Bi Ghaniya yakashika barabara ya Sur. Yalikwenda kwa adabu, pembeni, na madereva wa malori waliyapisha kwenye kona. Mume aliporudi kula chakula cha mchana alikuta meza imelowa na utafiti mzima juu ya sukari ya tende, kwa mkono wake yeye na jina lake yeye. Akauona mzuri sana. Siku ile Bi Ghaniya alicheka. Zamu ya pili hakucheka.

Zamu ya Bi Rahila ilikuwa Jumatano baada ya alasiri. Alikunja zulia, akapanga karatasi, akavaa nguo isiyoharibika kwa maji. Aliyasikia yanakuja. Yakafika mlangoni kwake, yakapita, hata kusimama hayakusimama. Yakateremka mpaka mwisho wa mji kwenye gereji ya Thuwaini, ambaye wakati ule alikuwa amelala chali chini ya gari, yakapanda kaunta, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi, yakalowesha maboksi ya vipuri.

Magharibi Thuwaini alikuja nyumbani kwa dada yake na maboksi kwapani.

"Dada, hivi mimi ndiye nimeandika vitu hivi?"

"Soma nisikie."

Akasoma polepole. "'Kisima cha Bir Ghafa hakikuachwa kwa kukauka. Kiliachwa kwa kuwa gari halinywi.'" Akaligeuza boksi. "Maneno mazuri. Nimesema mimi?"

"Mkono wako huo."

"Mkono wangu. Lakini mimi Sinaw nimekwenda siku moja tu, kununua mbuzi, nikauziwa mgonjwa."

Bi Rahila alikaa akayanakili yote kwa mkono wake mwenyewe, na chini akatia jina lake. Asubuhi jina lilikuwa Thuwaini bin Hamed. Akayapiga taipu. Kila alipogonga herufi za jina lake, taipureta ilitoa za Thuwaini, bila kukwama. Hakustaajabu. Alikasirika mpaka masikio yakamuuma, akajifunga buibui lake na kurudi kwa Mahrous.

"Sheikh, maneno ni yangu."

"Yako, nani kakataa? Na mitende yako. Lakini maji hayamjui mwenye mitende, yanamjua aliyewekwa kufungua kizibo."

"Basi nitafungua mimi."

"Hiyo haijapata kuwa, binti Hamed." Alisema kwa upole, na akammiminia kahawa.

Jumatano iliyofuata alikwenda kujaribu. Alitoa jiwe na matambara kwa mikono yake, na maji yakasimama. Yalisimama pale kwenye mfereji, yamejaa, yanangoja. Watu wenye mashamba ya chini wakaanza kulalamika, wengine kwa maneno makali. Mahrous akapita, akaagiza aitwe Thuwaini, mitende ya watu inakauka. Thuwaini akaja anapangusa mikono kwa tambara la oili, akakigusa kizibo kilichokwisha kuzibuliwa, na maji yakaenda gereji.

"Waweza kubadilisha wakili," Mahrous alimwambia Bi Rahila. "Mchukue ami yako. Au mchukue mudiri, mtu mkubwa."

"Na nikikaa bila wakili?"

"Yatateremka kwa anayefuata."

"Nani anayefuata?"

"Dokta Azzan. Zamu yake iko chini ya yako."

Bi Rahila alikuwa na kichwa kigumu, na mimi simlaumu, kwani kilikuwa cha haki. Akamwambia Thuwaini aukatae uwakili. Thuwaini akaukataa kwa furaha, kwa sababu maboksi yake yote yalikuwa yameharibika na wateja walikuwa wakirudi nyumbani na fani belti ndani ya utafiti. Jumatano ile gereji ilikaa kavu.

Siku ya pili yake, kahawa ilipoingia, Dokta Azzan alikuwa na karatasi mkononi na uso umemnawiri. Chumvi imetoka, alisema. Akawasomea. Alisoma habari za wanawake wa nyuma ya uwanja wa mbuzi, na mwanamke mmoja kizee aliyekuwa akipiga magoti kunusa mchanga ili ajue maji yako umbali gani. Kila jina la kisima alilikosea. Aliposema "Bir Ghaifa," Bi Rahila aliweka kikombe chini, akatoka uani, akalia. Alilia wazi, kwenye jua, hakujificha. Kile kizee kilimshika mkono wakati kikimwonesha namna ya kunusa mchanga, na sasa kimo mdomoni mwa mtu ambaye hata jina la kisima limemshinda.

Jioni akenda gereji.

"Chukua uwakili," alimwambia mdogo wake.

"Dada, wallahi, mimi naona haya."

"Ona haya. Lakini uchukue."

Na tangu hapo Thuwaini aliweka rimu ya karatasi juu ya kaunta.

Ilipokaribia Idi Kubwa, Ibra ilikuwa imechapisha makala nyingi kuliko Maskati. Ukaja ujumbe kuangalia siri ya mafanikio, ukaoneshwa kijiti cha Mahrous, ukapiga picha. Nadhir alimaliza kitabu. Mume wa Bi Ghaniya alihamishwa kutoka ofisi ya umeme, akapewa maabara. Dokta Azzan alikuwa na makala yake moja, na aliitaja kila mahali. Mwenye makala nyingi kuliko wote alikuwa Thuwaini bin Hamed, na amri ya Maskati ilikuwa wazi, kwa hiyo chuo kikamwajiri.

"Mimi najua giaboksi," Thuwaini alimwambia Dokta Azzan.

"Wanachuoni wa kweli ndivyo walivyo," Dokta Azzan akasema. "Hawajikwezi."

Bi Rahila hakuwa na makala hata moja. Baada ya Idi alihamishiwa shule ya msingi ya wasichana. Alipewa darasa la kwanza, akalifundisha vizuri, kwa sababu hakujua kufundisha vibaya, na kila asubuhi alipoandika alifu ubaoni moyo ulimwuma pale pale ulipomwuma jana.

Jumatano Thuwaini alikuwa akija kula kwake chakula cha mchana. Siku moja alikuja amevaa dishdasha mpya, hana hata doa la oili. Alikuwa amealikwa Nizwa akasome mbele ya wageni wa nchi za nje. Bi Rahila alipakua wali na samaki, akamwekea ndimu karibu.

"Nitawaambia nini, dada?"

"Utaanza na visima. Vitaje, toka kaskazini."

Thuwaini akavitaja anatafuna. Viwili alivipindua.

"Tena."

Akavitaja tena. Kimoja alikipindua.

"Tena."

"Dada, jana chuoni walinipigia makofi," Thuwaini alisema. Alikuwa ameacha kula. "Chumba kizima kilisimama. Nilitamani ardhi inimeze."

"Na kile cha mwisho kinaitwaje?"

"Bir Ghafa."

"Haya. Kula, samaki anapoa."

Wakala. Kivuli cha mlango kilipofika kwenye mkeka, Thuwaini alinawa mikono akachukua funguo za gereji, kwa kuwa wakili sharti awepo. Nje maji yalifika mlangoni yakapita, na Bi Rahila aliinua pindo la kanga yake lisilowe.