Kilio cha Buu

Mzee Adu Twum alilala ndani ya jeneza amevishwa vazi la kente, na hakuna aliyemlilia. Tangu asubuhi waombolezaji walikuwa wanakamua macho makavu kama mawe. Mzee alikuwa mchoyo, mkali, na matusi yake hayakubagua hata mchungaji. Bintiye Pokuaa, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa anawazia wali tu.

Mwanawe Afrakoma, mwenye miaka mitatu, akamvuta nguo. "Mama, Buu yuko wapi?"

Buu ni kipande cha mbeleko kuukuu, kimefifia, kinanuka maziwa yaliyochacha. Bila Buu mtoto hapati usingizi, hagusi chakula, na atakayejaribu kumwogesha ajiandae kung'atwa.

Pokuaa akainua macho, akakiona. Shangazi Mansa alikuwa amekiokota kitini, akadhani ni leso ya marehemu ya kufutia jasho njiani kwenda kuzimu. Sasa kilikuwa kwenye sinia, kimekunjwa vizuri, juu ya vitu vya kuzikwa navyo.

"Shangazi! Hicho ni cha..."

Msemaji wa ukoo akamwahi. "Adu Twum! Wanao wanakupa nguo mbili, mto, sabuni na leso ya jasho. Pokea!"

Basi. Kitu kikishatajwa mbele ya maiti ni cha maiti. Ukikichukua, atakifuata, na mzee huyu angekuja kweli.

"Funga mdomo, Pokuaa," shangazi akanong'ona. "Unataka aje kukidai chumbani kwako?"

Buu akaingizwa, mfuniko ukashushwa. Afrakoma aliona kila kitu.

"Buuuu! Nataka Buu wangu! Mtoeni Buu!" Akajitupa chini akigaragara, kamasi mpaka kidevuni.

"Maskini!" akasema mama mmoja. "Kumbe alikuwa anamwita babu yake Buu!"

"Na sisi tulivyomsema mzee wa watu!"

Mama huyo akaangua kilio, jirani yake akamdakia, mara ua mzima ukalipuka. "Buu eee! Buu, umetuachia nani?" Msemaji naye akatupa fimbo yake, akalia Buu kwa sauti ya fahali.

Pokuaa akafungua mdomo aseme ukweli, kikatoka kilio. Kwa mbeleko ile alimbeba mwanawe tangu siku ya kwanza. Akalia kwa uchungu kabisa, na watu wakamsifu kwa kumpenda baba yake.

Afrakoma peke yake akanyamaza. Akajifuta kamasi kwa kiganja, akawatazama watu wazima wote wale. Hakujua kwamba Buu ana ndugu wengi kiasi hicho.