Kidole cha Umm Rakan

Jumapili saa tatu asubuhi, ghorofa ya nne, mtaa wa Jabal Luweibdeh mjini Amman, Rudayna alikuwa mezani kwake anakula mkate wa ufuta na yai la kuchemsha. Siham wa mapokezi akampigia simu kumwambia kuna wageni arubaini na mmoja kwenye ngazi, na lifti imewakataa.

"Wageni gani?"

"Wametoka kwenye mchezo wetu wa simu. Wale watunza bustani wenye kofia za majani. Na viatu vyao vina matope, mimi ndiyo kwanza nimepiga deki!"

Walikawia kufika, kwa sababu wanajua kwenda pande nne tu, kama mchezoni, na ngazi za jengo lile zina kona mbaya. Rudayna akamaliza yai lake. Alijua walichofuata.

Alhamisi iliyotangulia kampuni ilihamisha mchezo wake wa simu, mchezo wa kulima mizeituni, kutoka seva ya zamani kwenda mpya. Mafaili ya wachezaji arubaini na mmoja yakaachwa nyuma. Hayakupotea, yalikuwa kule kule kwenye seva ya zamani, ila mchezo ulipoyatafuta kwenye mpya haukuyaona. Rudayna, ambaye ndiye mwandishi wa programu, alitaka mtu aambiwe ukweli: faili lako halijaonekana, tunalitafuta, usiguse kitu. Bwana Nashat, mwenye kampuni, akakataa kata kata. Jumatano walikuwa wanakuja watu wenye mitaji, na nani anampa mtaji mtu anayepoteza mafaili?

"Asiye na faili ni mgeni," alisema. "Mkaribishe."

Basi Rudayna akaandika hivyo hivyo, na anajuta mpaka leo. Mtu alikuwa anafungua bustani yake ya miaka minne, anakuta udongo mtupu na maandishi yaliyozungushiwa maua: Karibu! Unajua kupanda mti? Gusa hapa. Akishagusa, mchezo unamhifadhia bustani mpya ya mti mmoja, kisha unaiamuru seva ya zamani ifute ile ya kwanza, ili asiwe na bustani mbili. Hapo tena hakuna wa kuirudisha.

Ndiyo maana walioanza ngazi walikuwa arubaini na mmoja, na ghorofa ya pili wakawa thelathini. Wenye bustani, huko miji ya Zarqa na Irbid, walikuwa wanaamka, wanafungua simu, wanagusa, na mtunza wa kila bustani iliyofutwa anatoweka. Walioingia ofisini walikuwa kumi na tisa. Siham akahesabu, akarudisha viti vilivyozidi stoo.

Kahawa ikaletwa. Kiongozi wao, mzee mfupi aitwaye Miflih, akapokea kikombe, akakiweka mezani mbele ya Bwana Nashat, asikinywe. Wenzake nao wakaweka. Amman nzima inajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka apewe. Mwenyeji akisema "kunywa" ameshakubali, na akigeuka ni aibu ya ukoo mzima.

"Sema haja yako, ami," alisema Nashat.

"Bibi yangu ninayemtunzia bustani, Umm Rakan wa Zarqa, ana mizeituni mia tatu na kumi na miwili," alisema Miflih. "Kila mmoja kaupa jina la mtu. Wazazi wake wamo, marehemu mumewe yumo. Hata jirani yake Umm Khaldun yumo, ili ampogoe akimuudhi. Tangu Alhamisi kidole chake kiko juu ya simu, hajagusa. Anasema, mimi si mgeni, wallahi, bora nife na kidole juu."

"Mbishi huyo!"

"Sana," alisema Miflih kwa fahari. "Tunaomba sentensi moja tu. Faili halijaonekana, linatafutwa, usiguse. Basi."

Alipomaliza kusema, viti vinne vilikuwa vitupu. Nashat akaanza kueleza habari za soko na imani ya wateja, na mtu huyu anapenda kueleza, jamani. Alipofika kwenye imani ya wateja walibaki sita.

Rudayna akapiga meza. "Ustadhi, mjibu mtu! Wanakwisha!"

Nashat akatazama vile vikombe. Marehemu babake alikuwa mpatanishi wa koo. "Kunywa kahawa yako, ami," alisema. "Ulichojia umekipata."

Miflih akanywa. Alipokishusha kikombe alikuwa peke yake.

Na Nashat ni mtu wa kutimiza ahadi, tusimsingizie. Sentensi iliwekwa siku ile ile, neno kwa neno. Aliamuru tu itokee baada ya mtu kupanda mti wa kwanza.

Rudayna alilia chooni kwa hasira, akanawa uso, akarudi kuomba ufunguo wa seva ya zamani amrudishie Umm Rakan faili lake, kazi ya dakika kumi. Nashat akasema wasubiri wenye mitaji waondoke. Wakaondoka. Akasema wasubiri Ramadhani ipite. Ikapita.

Miflih, kwa kuwa hakuwa na pa kurudi, alibaki ofisini akipika kahawa. Aliipika vizuri, ila aliyekaa pembeni ilimbidi avumilie, kwani mzee wa pande nne alizunguka meza tatu ndipo amfikie.

Umm Rakan naye yuko vile vile. Simu iko kwenye chaji, kidole kiko juu. Anapika wali wa maqluba kwa mkono mmoja, usiku anawekewa mto chini ya kiwiko, na anayemmenyea biringanya ni Umm Khaldun, yule yule wa kupogolewa. Kila siku saa tatu anapiga ofisini kwa simu ya Umm Khaldun.

"Bado mnatafuta, mwanangu?"

Rudayna anautazama mlango wa Nashat. "Bado, khalti."

"Haya, tafuteni. Mimi nipo."

Novemba, msimu wa kuchuma, Miflih aligonga mlango wa Nashat, akaomba ruhusa ya siku mbili. Zeituni za bibi yake zimeiva, alisema, anazisikia zikidondoka. Nashat akafungua kompyuta kutafuta faili lake la kazi. Miezi minane ya kahawa, na hakuna aliyewahi kumwandikisha. Faili halikuwepo.

Rudayna alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona Nashat akiinuka, akitabasamu, akinyoosha mkono.

"Karibu kazini, ami! Unajua kupika kahawa?"

Miflih aliutazama ule mkono. Hakuugusa.

Simu ikalia. Ilikuwa saa tatu. Rudayna akaipokea pale pale, mbele ya Nashat.

"Khalti," alisema, "usiguse."

"We!" alisema Umm Rakan. "Nani kakwambia nitagusa?"