Kidonge cha Asubuhi

Nilikuwa nimeshika kidonge mkononi, na Kogo alinitazama kama hanijui.

Kogo ndilo jina wanangu wanalomwitia nyanya yao Bilhah, mama wa mume wangu, nami nililizoea. Ana ugonjwa wa sukari. Alihamia kwangu wiki iliyopita, mvua ilipobomoa jiko lake. Kila siku saa moja asubuhi nilimpa kidonge kimoja kabla ya chai, kisha akachukua fimbo yake akaenda kwa Tecla, mke wa shemeji yangu, kuwasalimia wajukuu wa huko. Sasa ilikuwa saa nne. Alikuwa amerudi, ameketi mlangoni, nguo imemlowa jasho na baridi yote ile ya Kimulot.

"Kogo, unasikia aje?"

"Ng'ombe wameingia kwa shamba ya chai," akasema. Ng'ombe walikuwa wamefungwa, niliwaona kwa macho yangu.

Sukari imepanda, nikajiambia, aongezwe kidonge. Mwezi uliopita nesi wa zahanati alinipa dawa za Kogo, akanitajia dalili za sukari kupanda: kiu, kukojoa mara kwa mara, kulegea. Nilipouliza za kushuka, alisema alikwisha kumweleza yule mwingine aliyemleta Septemba. Nikaitikia tu kwa kichwa. Yule mwingine ni Tecla, na sikutaka nesi ajue kwamba hatusemezani. Ni miezi minane tangu wachumaji wake wachume mistari miwili ya chai yangu, naye akasema mbele ya akina mama wa kanisa kwamba sijui mpaka wangu. Sikumsamehe, na sikuwa na mpango wowote wa kumsamehe.

Lakini jasho nesi hakulitaja. Nilikifikisha kidonge mdomoni mwa Kogo, mkono ukakataa. Nikimpa kumbe sukari imeshuka, nitamuua. Nisipompa kumbe imepanda, nitamuua vilevile. Aliyejua nusu ile nyingine alikuwa ng'ambo ya chai yangu, anachuma.

Nilimwachia Chepkosgei, binti yangu mkubwa, amshike asianguke. Nikakimbia katikati ya michai, nikateleza mara mbili, na hata nikikimbia nilikuwa naona uchungu kwamba mimi ndiye nitakayeanza kuongea.

"Mama Noah," nikasema. "Leo umepea Kogo dawa?"

Tecla hakuacha kuchuma. "Na wewe?"

"Nimempatia."

Mikono yake ikasimama. "Na mimi nimempatia, zile za Septemba. Wiki yote. Nilijua wewe utasahau." Kisha akauliza, sauti imepungua, "Anatoka jasho?"

"Amelowa."

Alitupa kikapu, majani yakamwagika, akakimbia. Hakukimbilia kwangu, alikimbilia nyumbani kwake. Nikamlaani kwa sauti, mwanamke gani huyu, hata leo. Alitoka ameshika kopo la sukari. "Imeshuka," akasema.

Tulimkuta Kogo amelala begani kwa Chepkosgei, midomo inatetemeka. Tecla alikoroga vijiko vinne kwenye chai vuguvugu. Mimi nikaishika shingo, yeye akashika kikombe. Kogo alimeza kidogo, nyingine ikamtiririka kidevuni. Akameza tena. Nilihesabu pumzi zake, nikamwomba Mungu bila aibu yoyote, na kwa mara ya kwanza tangu Machi niliomba nikiwa karibu na Tecla.

Baada ya muda jasho lilikauka. Kogo alitutazama mmoja mmoja, akataka kujua kwa nini chai ina sukari.

"Kogo," nikasema, "mbona hukuniambia kwa Tecla unapewa dawa?"

Alijifuta mdomo kwa pindo la leso yake, taratibu. "Nikikataa ya huyu, atasema napenda yule. Nikikataa ya yule, atasema napenda huyu. Nikaona nimeze tu."

Tecla aliangalia kopo lake. Mimi niliangalia kidonge, kilikuwa bado kiganjani, kimeanza kuyeyuka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mama mzee amemeza dawa mara mbili kwa siku saba ili sisi wawili tusizidi kugombana.

Nesi ilibidi amwone, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua, gari halipiti. Tulimketisha kwenye kiti cha mbao, tukamfunga kwa leso, tukambeba, Tecla mbele, mimi nyuma. Tulikata katikati ya chai, tukaipita ile mistari miwili.

"Mama Noah," nikasema, "shika vizuri upande wako."

"Nimeshika," akajibu. "Wewe angalia utelezi."