Wimbo Ukifika Hapo

Bariadi nzima hakuna aliyezijua nyimbo za Salu kama Jenifer, na balaa lake lilianzia hapo hapo.

Salu ni manju wa ngoma kutoka Kimali, mtu mzima sasa. Watu wamelima pamba na kuoza mabinti kwa nyimbo zake. Jenifer, muuza mchele sokoni, ndiye aliyefungua kundi la wapenzi wa nyimbo hizo mtandaoni. Alilifungua mwaka ule aliomzika mama yake, kwa sababu chumba chake cha kupanga kilikuwa kimya mno na yeye alitaka watu wa kuitikia naye. Watu walikuja kwa mamia. Walipofika, wakakaa kimya.

Maana Jenifer akianzisha uzi, anaumaliza mwenyewe. Anaweka ubeti, anaeleza maana yake, anataja nani alipiga ngoma, anawasahihisha waliosema vingine, kisha anafunga kwa "karibuni tujadili". Wajadili nini tena, makombo? Walimwekea dole gumba wakaenda zao. Josia, mpiga ngoma wa Salu mwenyewe, alimwandikia siku moja, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu Jenifer, unaimba wewe na unaitikia wewe. Sisi tumekuja kufanya nini?" Akamalizia na kicheko. Jenifer alinuna wiki nzima.

Luhaga, fundi simu wa Nyashimo aliyekuwa akimsaidia kuliendesha kundi, alikuwa na dawa yake. Yeye alianzisha nyuzi za kuchonganisha. "Salu ameisha, bisheni." "Bagika na Bagalu, waoga ni akina nani?" Vyama hivyo viwili vya ngoma vimetambiana tangu enzi za mababu, kwa hiyo watu walifurika, wakatukanana hadi ng'ombe wa watu wakatajwa, wanyama wasio na simu wala kosa. Akina mama wakaanza kujitoa mmoja mmoja. Jenifer akafuta matusi, na Luhaga akampigia.

"Dada, kundi unaliua. Watu wanataka moto. Niachie niliendeshe."

"Nimelianzisha mimi, Luhaga."

"Na wewe ndiye unayelizika."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu hata yeye aliliogopa. Kundi likiondoka, atarudi kwenye kile chumba na kimya chake.

Ugomvi wao ulipojulikana, Josia ndiye aliyewaamulia, mbele ya kundi zima. Uwanjani, aliandika, ngoma mbili zikishindana hazihitaji hakimu. Zinaanza pamoja, moja huku na nyingine kule, na watazamaji wanafuata inayowavuta. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye kashinda. "Basi nanyi Jumapili baada ya ibada, kila mmoja afungue uzi wake. Tutahesabu watu, si kelele. Mtu akiandika mara ishirini bado ni mmoja. Atakayeshindwa amwachie mwenzake kundi."

Jumapili Jenifer alikaa uani na ungo wa mchele mapajani, simu juu ya kigoda. Alikuwa ameandika maelezo marefu, mazuri kwelikweli, kuhusu wimbo wa jembe, ule wenye mstari usemao: aliyeacha jembe mlangoni hajaaga. Alieleza kwamba mama yake, wimbo ukifika hapo, alikuwa anazima redio, kwa uchungu wa ndugu waliopotelea machimboni.

Kidole kilikuwa kimeshafika pa kutuma, akajiuliza: huo uchungu nimeambiwa na nani? Hakuwahi kumuuliza mama. Alijitungia tu, akaamini. Akaona haya peke yake pale uani, halafu akafuta yote. Akaandika:

"Wimbo wa jembe ukifika kwa 'hajaaga', mama yangu alikuwa anazima redio. Sijui kwa nini, na sikumuuliza mpaka tumemzika. Kwenu wimbo ukifika hapo, nani alikuwa anafanya nini?"

Kimya. Upande wa pili uzi wa Luhaga, "Wanawake hawajui ngoma, nibishieni", ulikuwa unawaka. Jenifer akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele, na machozi yakimlengalenga. Alijua ameshindwa.

Kisha mtu wa Ngulyati akaandika kwamba baba yake, wimbo ukifika hapo, alikuwa anasimamisha maksai katikati ya tuta, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mwanamke mmoja akasema bibi yake aliijibu redio: "Mwongo wewe, mie aliniaga!" Watu wakacheka, naye akaulizwa huyo aliyeaga alikuwa nani, akasimulia. Wakaingia hata wale waliokuwa wamekaa kimya tangu siku walipojiunga. Halafu akatokea Specioza, mama mdogo wake Jenifer, ambaye huwa haandiki kitu:

"Mwanangu, dada alikuwa anabana betri. Hapo ndipo ngoma zinaanza, zinapigwa mpaka ukome. Betri zikiisha baba yenu atasikilizia nini taarifa ya habari?"

Jenifer alicheka hadi ungo ukayumba, mchele ukamwagika, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Mama yake alikuwa amerudi mzima mzima, na ubahili wake.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama lilipotokea jina ambalo hakulitarajia. Luhaga, ameuacha uzi wake unawaka peke yake.

"Kwetu jembe lipo kweli. La kaka. Alikwenda machimboni nikiwa darasa la nne. Mama hataki lisogezwe hata akifagia. Wimbo ukifika hapo anaangalia njia. Sijawahi kumwambia mtu."

"Mwenye ngoma kahamia kwa jirani," Josia aliandika. "Hakuna cha kuhesabu."

Jenifer alikuwa ameshinda, na furaha yenyewe hakuiona. Alikuwa anaiona ile nyumba ya Nyashimo, na mama anayefagia kuzunguka jembe. Vidole vyake vikaanza vyenyewe, kama kawaida yao: maana ya mstari ule, Salu aliutunga wapi, kwa ajili ya nani. Aliyajua yote hayo. Akayafuta.

"Kaka anaitwa nani?" aliuliza. Kisha akaiweka simu mapajani, akasubiri aitikiwe.