Ticha Doni Ageukia Ubao

Kama ulikuwa hujui, Kiingereza kina ugomvi wa ndani. Kuna vitenzi vinavyotaka kufuatwa na "to", na kuna vingine visivyokubali ila "ing". "Want" ni cha "to": *I want to go*. "Enjoy" ni cha "ing": *I enjoy going*. Nilipomuuliza Ticha Doni kwa nini, alinijibu, "Wewe Fredy kwa nini unakula ugali na mlenda? Si ndivyo ulivyokuta?"

Ticha Doni ni Donatus, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Asubuhi anafundisha shule ya msingi. Jioni anakodi chumba hapa Kalangalala, mjini Geita, anatufundisha sisi tunaotafuta kazi migodini, ambako usaili ni Kiingereza kitupu. Darasa hujaa kwa sababu ya vichekesho vyake. Ukikosea anakuigiza, na wewe mwenyewe unacheka, utafanyaje?

Siku hizo alikuwa na raha zake. Mshenga, mzee Stanslaus, alikuwa amepeleka posa Bugarama kwa kina Hosiana, muuguzi wa zahanati kule Mwakitolyo, na posa ilikuwa imepokelewa. Donatus mwenyewe hakwenda. Mama mkwe kwetu Wasukuma si mtu wa kukutana naye ovyo: humtazami usoni, humpiti mbele, ukimwona njiani unaingia hata kwenye mihogo ya watu. Kwa hiyo hakuwahi kumwona, wala mama hakuwahi kumwona yeye.

Jumatatu moja mama mgeni alifika kwa kuchelewa, akakaa benchi la mlangoni.

"Karibu, mayu," Donatus akamwambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Kiingereza cha nini tena?"

Mama akaeleza kwamba kampuni inayowapikia wafanyakazi wa mgodi inataka kumpa usimamizi wa jiko, ila mabosi hawajui Kiswahili. Alikuwa amefikia mtaani hapo kwa mdogo wake, ndiye aliyemwandikisha.

"Basi tuanze na hilo jiko. Tuambie unapenda kufanya nini."

"*I enjoy to cook*," mama akasema.

Lo! Donatus alichukua kitenge cha Bhoke, dada anayekaa mbele, akajifunga kiunoni. Akaanza kutembea kwa madaha akikoroga sufuria ya hewani kwa rula. "*I enjoy to cook! I enjoy to eat! I enjoy to* kumaliza nyama ya mabosi!"

Darasa lilivunjika mbavu. Mimi nilipiga meza mpaka kiganja kikauma. Mama alitabasamu kidogo, akainama.

"*Cooking*, mayu. *I enjoy cooking*."

"Asante, mwanangu." Hakuwa mtu wa kukata tamaa, maana aliuliza tena, "Na 'natarajia' nayo?"

"Hiyo ni 'expect', inakwenda na 'to'. Tunga sentensi, lakini iwe ya kweli."

Mama akasimama, akapanga maneno moja moja. "*I expect to get*... mkwe mnamwitaje?" Mtu akamsaidia kutoka nyuma. "*I expect to get a son-in-law*." Akafurahi kwa kuipata, akamalizia kwa Kiswahili, "Mwezi wa nane anamwoa binti yangu Hosiana. Ni mwalimu hapa hapa Geita, anaitwa Donatus. Mnamjua? Wanasema kijana ana heshima sana."

Rula ilianguka sakafuni.

Chumba kile kina mlango mmoja, na mama alikuwa mlangoni. Donatus asingeweza kutoka bila kumpita mbele. Basi akageukia ubao, pua karibu iguse chaki, mikono nyuma ikitafuta fundo la kitenge. Mama alitutazama mmoja mmoja. Sote tulitazama chini. Kisha akautazama ule mgongo, akaelewa. Akavuta kanga usoni, akatoka bila kuaga.

"Fredy, ameondoka?"

"Ameondoka."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Bora angenitukana."

Niliinama, nikaiokota rula.

Kesho yake mzee Stanslaus alitumwa kwenda kuomba radhi. Alirudi akatukuta mimi na Donatus tunamsubiri.

"Mama anajua kijana hakumtambua. Anasema hilo ndilo linalomuuma. Angekuwa mama wa mtu mwingine, si mngekuwa mnaendelea kucheka hadi sasa? Na binti yake, anasema hajui kama atamtoa aolewe." Halafu akanigeukia mimi. "Ameuliza pia kama yule aliyekuwa anapiga meza ana mama."

Jumatano tulifundishwa kwa sauti ya msibani. Katikati ya somo nikaona kanga dirishani. Mama alikuwa amekaa nje, mgongo ukutani. Kazi ya mgodini bado aliitaka.

"Wewe wa meza," akaniita.

"Naam, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie huyo ndugu aendelee, nasikia."

Donatus alikuwa ameshageukia ubao. "Fredy, mwambie mama..." Akakwama, akaanza upya. "Mwambie sikumkosea yeye peke yake. Bhoke nilimwigiza kigugumizi chake, akakaa wiki nzima haji. Nilikuwa naona ninaowaigiza wanacheka, nikajua wamefurahi. Mwambie naona aibu. Kwake na kwao."

Sikuwa na haja ya kupeleka ujumbe, kila mtu alikuwa amesikia. Siku ile ya Bhoke pia nilikuwa nimepiga meza.

Mama akajibu kutoka nje. "Mwambie posa sijaivunja. Lakini mwezi wa nane haiwezekani. Tutamwangalia kwanza, hata kama ni mpaka mwakani. Hosiana nitamweleza mimi mwenyewe. Sasa afundishe."

Donatus alijibu "sawa" kwa sauti ndogo, akaandika "avoid" ubaoni, akaeleza kwamba maana yake ni kukwepa na kwamba inataka "ing". Akaomba mfano. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwisho Bhoke akasimama.

"*I a... I a... I avoid...*"

Ilichukua muda. Nje mama alikuwa anasubiri, na sisi tulisubiri.

"*I avoid sp... speaking*."

"Ni sahihi," Donatus akasema, akiwa bado ameukabili ubao.