Kabla Sijala

Nilikwenda Tanga kumrudisha Mumbe nyumbani. Sikuwa na haja nyingine huko. Maisha yangu yote nilikuwa sijavuka mpaka, maana mimi nikifika Lungalunga hujiona nimefika mwisho wa dunia.

Mumbe ni Mkamba. Wazee wake walipewa shamba huku kwetu Kwale, naye akakulia hapa hapa. Tulipokuwa na nguvu zetu tulikuwa watatu pale Kona ya Musa: Kache akikaanga mahamri, mimi Kahaso nikipika chai, Mumbe akiunga mbaazi. Mbaazi za nazi za Mkamba! Watu walicheka mwanzo, kisha wakaacha kucheka wakaleta bakuli. Baadaye Kache akaolewa na mtu wa Tanga, tukabaki wawili.

Ukaja mwaka wa tisini na saba, mwaka wa ghasia. Watu wa bara waliambiwa watoke. Mumbe akaja kwangu Kinondo na kanga aliyovaa tu. Bahati Kache alikuwa amekuja kwenye matanga ya kaka yake. Akamvisha buibui lake ampitishe mpakani kama dada yake, wakakae wote kwake Tanga. Mumbe hakujua kulivaa, kila hatua alilikanyaga.

"Tembea kama Mwislamu, wewe!" Kache alimwambia.

"Mwislamu hutembeaje? Kwani ana miguu mingapi?"

Tulicheka huku tunatetemeka. Sikumwona Mumbe tena.

Miaka miwili ikapita, nchi ikatulia. Nyumba yake nikaiezeka upya kwa makuti. Majirani wakasema hawana neno naye, arudi. Nikampa salamu Tsuma, yule anayeleta machungwa kutoka Muheza, na jibu la Mumbe likarudi kwa mdomo wake: "Mwambie Kahaso sirudi peke yangu. Aje mwenyewe, nimshike mkono." Basi nikamwambia Tsuma siku nitakayofika, nikaenda.

Kache alikuwa ananisubiri stendi. Amenenepa, meno mawili ya mbele hayapo, lakini kicheko ni kilekile.

"Shoga! Mimi namsubiri Kahaso, naletewa bibi kizee!"

"Nawe umekuwa pipa. Mumbe yuko wapi?"

"Hata hujanisalimu vizuri, Mumbe, Mumbe. Mimi si mtu? Twende kwanza nikuoneshe mji."

Tukazunguka. Ni mji wa baiskeli ule. Wazee kwa watoto wanaendesha, na mtu anampakia mkewe nyuma kama gunia la mkaa. Barabara zao zina namba badala ya majina. Nikamwuliza Kache, mtu akisahau kuhesabu analala wapi? Akacheka mno, zaidi ya mzaha wenyewe. Kwenye chai nikamwambia muuzaji, "Nipe chai." Kache akanibana ubavu.

"Huku sema naomba. Ukisema nipe wataona umekuja kuwapora."

Yote yalikuwa mazuri. Lakini kila nilipomtaja Mumbe, Kache alipata kitu kingine cha kunionesha: mara soko, mara bandari, mara majumba ya Wajerumani yenye nyufa. Mimi mtu wa kusubiri, nimelea watoto na wajukuu, sina haraka. Ila miguu yangu haikuwa na subira hiyo.

"Kache, nimevimba. Twende nyumbani."

"Hujaona pwani ya Raskazone."

"Raskazone haitahama. Nipeleke kwa Mumbe."

Alitazama jua, kama mtu anayepima kama kazi fulani imekwisha. "Haya," akasema. "Watakuwa wameshapika."

Ua wa Kache ulikuwa umefagiwa upya, saa ambayo mtu hafagii. Karibu na ukuta kulikuwa na mafiga makubwa, ya masufuria ya kupikia watu wengi, na majivu yake bado yanatoa joto. Niliyaona. Mkwe wake, Chiku, alinipa shikamoo bila kuniangalia usoni.

"Marahaba, mwanangu. Mumbe amelala?"

"Karibu maji ya kunawa, bibi."

Wali wa nazi ukaletwa, na samaki wa kupaka. Sahani moja tu, mbele yangu. Kache akakaa kwenye kigoda, mkono shavuni, macho kwenye sahani.

"Kula, Kahaso. Umetoka mbali."

Kwetu sisi, mtu aliyetoka safari hapewi habari ya msiba akiwa na njaa. Kwanza ale, ndipo aambiwe. Mimi mwenyewe nilimpikia uji kaka yangu Dzombo alipotoka Kinango, nikamsimamia mpaka akamaliza bakuli, na mama yetu alikuwa chumba cha pili amefunikwa shuka. Ninamjua anayemsimamia mgeni ale. Hukaa hivyo alivyokaa Kache.

Nikanawa. Sikugusa wali.

"Kula, shoga."

"Sina njaa."

"Tangu asubuhi?"

"Sina njaa, Kache."

Maana nikila, angeniambia kwamba Mumbe amekufa. Kabla sijala, Mumbe alikuwa kwenye chumba fulani mle ndani, anafunga kanga zake, anasonya kwa kuwa nimechelewa. Nikataka akae humo kidogo.

Nikaanza kuisifu nyumba ya Mumbe kule kwetu. Nikasema makuti ni mapya, nimeyachagua mwenyewe. Nikasema mpapai wa nyuma ya jiko umezaa, na kunguru wanayamaliza mapapai kwa kuwa mwenyewe hayupo. Nikasema mama Kombe, jirani yake, bado mgomvi. Nilipaza sauti kama anayesikilizwa nyuma ya ukuta. Kache aliitikia, "Eeh. Eeh." Wali ukapoa. Chiku akaja kuondoa sahani, Kache akainua mkono: acha.

Hapo ndipo nilipomtazama Kache. Mwanamke aliyenichekesha mji mzima alikuwa ameng'ata pindo la kanga. Nikaelewa kwamba naye alikuwa anasubiri. Alikuwa amewanyamazisha watu wake wote, akaja stendi kucheka nami, na kilio chake amekizuia kifuani mchana kutwa mpaka mimi nimeze kitu. Nilikuwa nimejihurumia mimi tu.

Nikamega wali kidogo, nikauchovya kwenye tui. Haukuwa na ladha. Nikameza.

"Umekula?" Kache aliuliza, sauti ndogo kama ya mtoto.

"Nimekula, shoga. Niambie."

"Juzi," akasema. "Homa. Mzigo wake alikuwa ameshaufunga."

Zaidi ya hapo hakuweza. Alijifunika kanga usoni akalia kwa sauti, mpaka wanawake waliokuwa wamefichwa nyumba ya pili wakatoka mmoja mmoja, wakatandika mikeka uani, wakakaa nasi.