Kengele ya Mgonjwa Mwingine

"Kengele imelia kwa bibi wa dirishani, mwanangu, na bibi wa watu anakunywa chai yake," muuguzi mkuu alisema kwenye simu. "Aliyekuwa anaishiwa pumzi ni wa mlangoni. Tumemuwahi kwa bahati tu."

Fundi wa programu aliitua simu, akafungua kompyuta. Programu iliyochunga mashine za hospitali ile aliiandika yeye. Kila kipimo cha pumzi kilisafiri na utambulisho wake: namba ya mgonjwa, namba ya kitanda. Lakini kwa kompyuta namba ni namba tu. Ukiweka ya kitanda mahali pa mgonjwa inaipokea kimya, kama mlinzi anayemfungulia kila abishaye hodi.

"Dada, rekebisha hapo palipokosewa, yaishe," mwenzake wa meza ya jirani alimwambia. "Bosi ana habari?"

"Na kwingine je?"

Hakungoja jibu. Akazitenganisha namba zile ziwe aina mbili: mgonjwa aina yake, kitanda aina yake, moja isipokelewe kamwe mahali pa nyingine. Kisha akaiamuru kompyuta iijenge programu upya.

Mstari mwekundu wa kosa ukatokea kwenye skrini. Ukafuatwa na mwingine. Halafu ikamiminika.

"Umeivunja yote!" Mwenzake alijishika kichwa.

"Mingi inataka nitaje aina ya namba tu," alinong'ona, kidole kikifuata maandishi. "Huu sawa. Huu sawa..." Kidole kikaganda. "Huu umegeuzwa. Kitanda mahali pa mgonjwa."

"Wodi gani?"

"Ya watoto wachanga."

Akavuta simu. Mwenzake akaifunika kwa kiganja. "Ukipiga, kazi hatuna. Sote wawili."

"Toa mkono, kaka."

Aliutoa taratibu. Fundi akabonyeza namba ya muuguzi mkuu.

"Mama, msiziamini kengele. Zote, na za watoto. Mpaka niwaambie."

"Unasemaje wewe?"

"Waangalieni vifua kwa macho, mama. Nakuomba."

Muuguzi hakumlaumu, wala hakuaga. Simu ilitua mezani kwa kishindo ikaachwa wazi. Fundi akasikia viatu vikikimbia, wauguzi wakiitana, viti vikiburutwa kuelekea vitandani. Akaibana simu sikioni.

Huko ndani, kengele ikaanza kulia.